Leo binti yangu alinitafsiria shuleni

Leo mtoto wangu kanitafsiria maneno ambayo sikuyasema.

Mwalimu wake wa hesabu alituita shuleni, hapa Malvern, Johannesburg. Neema anaingia darasa la kumi, lazima achague: hesabu kamili au ile nyepesi.

Nikasema kwa Kiswahili, "Mwambie unachukua kamili. Unataka udaktari, na chuo hakipokei ile nyepesi."

Neema akamgeukia mwalimu, akasema kwa Kiingereza, tena kwa adabu zote: "Mama anasema nyepesi inatosha."

Jamani. Miaka tisa nasuka nywele Jules Street. Wateja wangu wanaongea lugha gani?

Nikamwambia mwalimu kwa Kiingereza changu cha saluni, "Mama hakusema hivyo."

Mwalimu akainama kuficha kicheko. Neema akanong'ona, "Naogopa kufeli, mama."

Hasira ikaniisha pale pale. Nikamshika mkono. Mwalimu akamwambia anafundisha Jumamosi asubuhi, aje.

Neema akafikiri, kisha akachukua kalamu na kuweka alama mwenyewe kwenye fomu, penye hesabu kamili.

Tukirudi, tunasubiri roboti, yaani taa ya barabarani, ituruhusu kuvuka, akauliza, "Mama, kumbe hata ninayoongea kwenye simu unayaelewa?"

Nyinyi mngesemaje?