Tovuti ya Annah Inahama

Annah alikufa mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili na tisa. Tulikuwa tumeishi pamoja miaka thelathini na minane. Hayo yanatosha.

Kazi yake ilikuwa kushona majoho ya kwaya. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Woodley, Nairobi. Aliyemsaidia ni Mwongeli, binti ya jirani yetu wa kule nyumbani Mwala. Alikuja kwetu na miaka kumi na minane, hajui hata kuingiza uzi kwenye mashine. Mwaka huo alikuwa na ishirini na tisa, na hakukuwa na kola ya joho iliyomshinda.

Wateja walitoka mbali. Wengi hawakuwahi kuiona nyumba yetu, waliona tovuti. Gichuru, kijana wa kanisani, ndiye aliyemtengenezea Annah: picha za majoho, bei, namba ya simu. Mtu wa Kitale au wa Voi aliingia saiba, duka la intaneti, akaona, akapiga. Mimi nilidhani ni mchezo. Halafu nikaanza kubeba mabunda ya nguo kwenda kwa basi kila wiki, nikanyamaza.

Baada ya mazishi simu iliendelea kulia miezi miwili. Kisha ikaacha. Juni kimya, Julai kimya. Nilifikiri watu wamesikia kwamba fundi hayuko.

Jumapili moja mwezi wa nane, kabla ya kanisa, Mwongeli aliweka chai mezani lakini hakukaa.

"Baba, nimepata kazi. Kiwanda cha nguo, Athi River. Wananitaka tarehe mosi mwezi ujao."

"Utashona nini?"

"Suruali."

"Suruali ni kazi nzuri."

"Si suruali yote. Mfuko."

"Mfuko tu?"

"Wa kushoto. Wa kulia uko na mtu wake."

Nilitaka kucheka, lakini yeye hakuwa anacheka.

"Sitaki kwenda," akasema. "Lakini nikikaa hapa nitashona nini? Mwezi mzima nimeshona pazia moja, na hiyo pazia ni yetu."

Nilimwambia anipe mpaka hiyo tarehe. Akaniuliza nitafanya nini. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

Ibada ilipoisha nilimshika Gichuru mkono pale kwenye mlango wa kanisa. Siku hizo alikuwa ameajiriwa kwa kampuni ya bima.

"Tovuti ya mama? Mzee, hiyo ilifungwa Mei. Mwaka uliisha na haikulipiwa. Nilituma ukumbusho mara tano."

"Ulimtumia nani?"

"Nilituma kwa imeli ya mama."

Kisha akasikia alichosema. Akaangalia viatu vyake.

Sikuweza kumlaumu. Nilikuwa keateka Westlands miaka ishirini na sita, nikitunza nyumba za kupanga za watu. Nimesukuma notisi nyingi chini ya milango. Kuna mpangaji mmoja niliyemsukumia notisi tatu kabla sijaambiwa kwamba alifia hospitali. Notisi haijui aliye ndani.

"Hiyo biashara niliiacha," Gichuru akasema. "Lakini vitu vyote vya mama ninavyo kwa CD. Na jina la tovuti nililicheki majuzi, bado hakuna mtu amelichukua. Sasa utafute mtu wa kukuhostia."

"Kuhosti ndiyo nini?"

"Ni kama kupanga nyumba, mzee. Tovuti ni vyombo vyako. Lazima vikae kwa nyumba ya mtu, kwa kompyuta kubwa wanaita seva, na hiyo nyumba isifungwe mchana wala usiku. Huyo mtu ndiye unalipa."

"Basi hiyo kazi naijua," nikamwambia.

Kesho yake Mwongeli alinipeleka saiba pale Adams Arcade. Annah alikuwa ameandika neno la siri la imeli yake ndani ya droo ya mashine, kwa chaki ya kushonea. Tukafungua. Ukumbusho wa Gichuru ulikuwepo, mara tano kama alivyosema. Katikati yake zilikuwa barua tisa za kwaya. Mimi Kiingereza kinanipita, kwa hivyo Mwongeli alinisomea polepole. Kwaya moja ya Eldoret iliandika mara tatu. Ya mwisho ilisema, Mama Annah, tunaona umefunga na umetunyamazia, tumepeleka kitambaa kwa fundi mwingine, tunaomba uwe mzima.

Mwongeli aliacha kusoma. Mwenye saiba akatuuliza kama tunaongeza dakika. Nikamwambia aongeze.

"Hawakusikia amekufa, Baba," Mwongeli akasema baadaye. "Walifikiri tumewakataa."

"Wajibu. Waambie."

"Nitawaambia. Lakini hao wameenda. Hata tukifungua tena, hao wameenda."

"Waimbaji hawawezi kuisha Kenya hii."

Hapo akatabasamu kidogo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu.

Nilianza na Westlands kwa sababu ndiko ninakojua. Gichuru alinitajia kampuni moja kubwa kwenye jengo la vioo. Nilikalishwa kwenye kiti kinachozunguka. Kijana aliyenihudumia alikuwa na tai na heshima.

"Sisi tuko hewani asilimia tisini na tisa nukta tisa, mzee."

"Na hiyo kidogo iliyobaki?"

"Iliyobaki?"

"Hiyo inayopungua mia."

Akapiga hesabu kwa simu yake. "Ni kama masaa tisa hivi. Kwa mwaka mzima."

"Masaa gani?"

"Hiyo sasa haijulikani, mzee."

"Mimi nilikuwa keateka hapo chini, karibu na soko. Maji yakikosa masaa tisa kwa mwaka ni sawa. Yakikosa masaa tisa Jumapili asubuhi, wapangaji wanakuja kunipiga."

Akacheka, na mwenzake wa meza ya pili akacheka. Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya cherehani mpya. Nikauliza kama kuna ya chini. Akasema hiyo ndiyo ya chini. Nikauliza, siku nikitaka kuhama, nahama na vyombo vyangu? Akanipa mkataba wa kurasa kumi na moja, akasema jibu liko humo ndani. Niliwahi kuwapa wapangaji mikataba mirefu, na ninajua humlinda nani. Nikamshukuru nikaondoka.

Wa pili alikuwa Norman, kule Kangemi. Nilipata namba yake kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani pale saiba: nafasi bila kikomo, mwaka mzima, shilingi mia tano. Bei ilinipendeza. Chumba chake kilikuwa juu ya duka la rangi, na seva yenyewe ilikuwa chini ya meza, inanguruma, juu yake ameweka kikombe.

"Hii haizimi, mzee," akaniambia. "Tangu Januari hii haijawahi kuzi..."

Stima ikapotea. Mwaka huo mvua ilikataa, mabwawa yakakauka, na nchi nzima ilikuwa kwa mgao wa umeme. Tukakaa pale. Seva haikunguruma tena.

"Itarudi saa kumi na mbili," Norman akasema.

"Na tovuti za watu?"

"Pia zitarudi saa kumi na mbili."

Nilimpenda huyo kijana, maana hakujaribu kunidanganya mara ya pili. Lakini CD ya Annah ilibaki mfukoni mwangu. Mtu anayekuambia hana kikomo cha maji, mara nyingi hata tangi hana.

Nilizunguka wiki ya kwanza, nikazunguka ya pili. Nilipanda ngazi nyingi. Mwongeli alianza kukunja vitambaa na kuvipanga ndani ya sanduku. Sikumuuliza ni vya kwenda wapi.

Wangeci nilimpata mjini, ghorofa ya nne, kando ya barabara ya Tom Mboya. Lifti ilikuwa imekufa. Alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Zamani alikuwa opereta wa simu, wakapunguzwa kazi, akachukua pesa zake za kufutwa akajifunza kompyuta. Hayo aliniambia baadaye. Siku hiyo aliniita guka, yaani babu kwa Kikuyu, akaniambia kwanza nikae nipumue.

"Guka, hizo ngazi zimekuchapa."

"Zimenichapa. Seva yako iko wapi?"

"Haiko hapa. Mimi pia ni mpangaji. Nimechukua nafasi kwa jengo moja Westlands lenye jenereta mbili, halafu naigawa kwa watu wadogo kama sisi."

"Na ikipotea?"

"Hupotea. Mwezi jana ilipotea mara mbili. Ya kwanza dakika arobaini, ya pili masaa matatu."

"Kwa nini?"

"Ya kwanza ilikuwa makosa yao. Ya pili ilikuwa makosa yangu. Nilibadilisha kitu ambacho sikufaa kukigusa."

Nimefanyia kazi wenye nyumba wanne maishani. Hakuna hata mmoja niliyemsikia akisema makosa yangu.

Bei yake ilikuwa elfu tatu na mia tano kwa mwaka, jina la tovuti likiwa ndani. Nikimuomba kuhama, ananipa vitu vyangu vyote kwa CD siku hiyo hiyo. Nilimwambia sawa, sasa anipe namba za wapangaji wake.

"Kastoma wangu?"

"Hao. Watatu."

"Hakuna mtu amewahi kuniuliza hiyo, guka."

"Mtu akija kupanga nyumba alikuwa ananiuliza, keateka, maji yapo? Nilikuwa nasema yapo. Nilitumwa niseme hivyo. Mjanja alikuwa ananipita, anaenda kumuuliza mama anayeanika nguo ghorofa ya tatu."

Wangeci alivaa miwani akaniandikia namba tatu kwa herufi kubwa.

Wa kwanza hakushika simu. Wa pili alisema hana shida, akakata, alikuwa na haraka. Wa tatu aliitwa Dalmas, aliuza pampu za maji huko Industrial Area, na alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kelele.

"Wangeci? Huyo mama anasumbua," akaniambia.

"Anasumbua namna gani?"

"Mwaka jana tovuti yangu ililala. Mimi sijui, niko zangu nakula ugali. Simu inalia, ni yeye. Ananiambia Dalmas, umeanguka, nakuinua, usiambie watu umefunga. Baada ya saa moja ananipigia tena, umesimama. Kesho yake tena, uko sawa? Nikamwambia mama, hata mke wangu hanipigii hivyo."

"Kwa hivyo ungehama?"

"Nihame niende wapi?"

Hapo nikamaliza kutafuta. Wakati wangu, maji yakitaka kukauka, nilipanda na kugonga milango yote kabla mtu hajafungua mfereji. Sijui njia nyingine ya kumjua mwenye nyumba mzuri. Atakuambia kabla hujajua.

Nilirudi kwa Wangeci Alhamisi, na Mwongeli, siku tano kabla ya tarehe mosi. Wangeci aliweka CD kwenye kompyuta, na picha zikatokea. Joho la zambarau. Jeupe lenye kola ya dhahabu. Kwenye ukingo wa picha moja ulionekana mkono wa Annah umeshika pindo. Sikuwa nimewahi kuuona huo mkono kwenye picha. Nilikaa nao kidogo, na hakuna aliyenihimiza.

"Kuna fomu," Wangeci akasema. "Mwenye jina la tovuti nimuandike nani?"

Njia nzima nilikuwa nimejiambia nitasema Annah. Lakini barua za Annah tayari tulikuwa tumeona zinavyofika.

"Andika Mwongeli."

Mwongeli aligeuka. "Baba, mimi Jumanne naenda Athi River."

"Najua."

"Sasa utaniandikaje?"

"Wewe ndiye unashona. Mimi siwezi kushona hata kifungo. Ukienda utaenda nayo, ni yako. Ukikaa, pia ni yako."

Wangeci alitazama kompyuta yake kama mtu anayesoma kitu kirefu sana.

"Imeli ya kukumbushwa?" akauliza mwishowe.

"Yake," nikasema. "Na simu yake. Na simu yangu. Na ya ofisi ya kanisa."

"Guka, hizo zote?"

"Na usipoona jibu, tuma mtu Woodley."

"Basi elfu tatu na mia tano haitoshi," akasema Wangeci, na Mwongeli akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Tovuti ilifunguka jioni hiyo hiyo, ikiwa na namba ya Mwongeli. Ijumaa hakuna aliyepiga. Jumamosi hakuna. Jumapili, mtu mmoja alipiga kuuliza kama sisi ni hoteli. Jumatatu asubuhi sanduku la Mwongeli lilikuwa mlangoni, limefungwa kamba.

Saa nne simu yake ikalia. Alikuwa akifagia. Aliegemeza ufagio ukutani, akasikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo, ndiyo, akauliza wako wangapi, akasema ngoja kidogo. Akafunika simu kwa kiganja.

"Ni mwalimu wa shule moja huko Thika. Ameona tovuti. Kwaya yao inaenda mashindano. Watoto arobaini na wawili, Baba. Anauliza kama tunashona za watoto."

"Tunashona?"

"Mama hakuwahi kushona ya mtoto."

"Wewe je?"

Aliangalia sanduku, akaangalia meza ya kukatia. Akaondoa kiganja kwenye simu.

"Mwalimu, tunashona. Nipe mpaka jioni nikuambie bei."

Alipokata alikuwa tayari anafungua kamba ya sanduku, maana futi yake ya kupimia ilikuwa chini kabisa, chini ya nguo.

"Sasa nenda ukaniazimie mtoto kwa jirani, nipime mabega," akasema.

"Wa miaka mingapi?"

"Yeyote, Baba. Bora awe anaweza kusimama bila kucheza."

Nikamwambia wa namna hiyo sijawahi kumuona hapa Woodley, lakini nilivaa kofia nikatoka.