Mdomo wa Kwanza

Ndahani wa Mkonze hakufungwa kwa wizi, wala kwa kukataa kazi ya reli. Alifungwa na adabu yake mwenyewe.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari moshi lifike Dodoma. Askari walimkamata njiani, yeye na wanaume wengine wanne wa kwao, wakawapa kazi ya siku moja: kubeba makasha ya divai kutoka stesheni hadi bomani. Bwana Shauri, Mjerumani mkuu wa boma, alikuwa barazani na mgeni, daktari wa Kijerumani aliyeshuka na gari moshi lile lile. Mpishi wa boma, Abbasi, Mrangi wa Kondoa, alikuwa ameungua mkono jikoni asubuhi hiyo. Akamtazama Ndahani, akaona ni mtu mzima na ametulia, akamkabidhi sinia lenye bilauri.

"Mpelekee mgeni. Usimwage."

Ndahani hakumwaga. Alipofika mbele ya daktari alifanya kama alivyofundishwa na baba yake tangu anaota ndevu. Aliinua bilauri, akanywa funda moja, akalimeza huku mgeni anamtazama, kisha akampa kwa mikono miwili. Ugogoni humpi mtu kinywaji ambacho wewe mwenyewe hujakigusa. Ukimpa hivyo, umemwambia kwamba huenda umemtilia kitu.

Bwana Shauri alisimama, akakifuata kiboko kilichotundikwa ukutani. Ni daktari aliyemzuia, kwa sababu alikuwa anacheka.

"Ngoja. Muulize kwanza ina ladha gani."

"Sema kitu, Mgogo wewe," Abbasi alinong'ona mlangoni. "Sema upesi."

Ndahani alisema alichokionja. "Ina jiwe ndani. Jiwe la mlimani limenyeshewa na mvua, ukalilamba. Halafu ukwaju mbichi, kidogo. Halafu inakwenda zake."

Daktari aliacha kucheka. Divai ile nyeupe ilitoka bonde la mto Mozeli, na kule, alieleza, mizabibu hupandwa juu ya majabali, katikati ya vipande vya mawe meusi. Kuna watu waliosoma miaka mingi ili waweze kusema maneno aliyoyasema mpagazi huyu. Wakafungua chupa nyekundu.

"Hii ni ngozi," alisema Ndahani. "Ngozi ya ng'ombe iliyowambwa jana. Na matunda ya mfuru yaliyoiva mpaka yakaanguka yenyewe. Kwa nyuma kuna mkaa."

Hiyo ilikuwa ya Bordo, nchi ya Wafaransa. Wakafungua ya tatu, na ya nne. Jua lilipopinda, wenzake wanne waliruhusiwa kurudi Mkonze. Yeye aliambiwa abaki.

Mkonze si mbali. Mtu akitoka bomani baada ya kula, anafika kabla njaa haijamrudia. Ndahani aliweza kusimama nyuma ya ghala la boma, akaona vumbi la ng'ombe wakirudi upande wa kwao, na pengine ng'ombe wake walikuwa humo. Lakini ghala lile ndilo lililokuwa nyumba yake sasa, na langoni alikaa askari mwenye bunduki. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba amefungwa. Wao waliita hiyo kazi. Ni desturi ya watawala wa namna hiyo: minyororo yao huipa majina mazuri.

Kila wageni waliposhuka stesheni, aliitwa mezani na kufungwa kitambaa machoni. Chupa nazo zilifungwa nguo ili hata wageni wasijue ni zipi. Alionja, akasema, na Bwana Shauri akafungua daftari lake kuhakikisha. Ndahani hakuyajua majina ya nchi zile, kwa hiyo alizipa majina yake, nayo yakaandikwa daftarini. Ya Mozeli ilikuwa Jiwe. Ya mto Raini, nyeupe pia lakini nzito, aliita Asali ya Nyuki Wadogo. Ya Bordo ni Ngozi. Ya Burgundi, nyekundu nyepesi, aliita Kichaka, maana ilinuka majani yaliyooza baada ya mvua ya kwanza, na damu kidogo. Ile nyeupe iliyoletwa na Mgiriki wa reli aliita Utomvu, kwa kuwa ilikuwa kama kutafuna gundi ya mgunga. Na nyekundu ya Kapi, kusini kabisa ya Afrika, aliipa jina la Udongo. Hiyo aliipenda kuliko zote, ingawa hakumwambia mtu. Ilikuwa na ladha ya nchi yenye jua.

Wageni walipiga meza kwa kicheko. Mtu mzima, baba wa mtoto, amesimamishwa kama kasuku aliyefundishwa kusalimia.

Ili ulimi usiharibike, Bwana Shauri alimpiga marufuku ugoro, pilipili, na chumvi nyingi. Zaidi ya vyote alimkataza ujimbi, pombe ya kwao ya uwele.

"Wewe umepata kazi ya peponi," Abbasi alimtania, akimwekea ugali na maziwa. "Watu wanabeba mataruma ya reli, wewe unabeba bilauri."

"Tubadilishane basi, Mrangi."

"Mimi? Kinywa hiki kinasali mara tano. Ningekunywa hiyo, hata Kondoa wangenikataa."

"Basi una bahati. Dini yako ni ukuta. Mimi sina ukuta."

Abbasi alimwongezea maziwa.

Mwezi wa tano wa maisha hayo, mkewe alikuja. Anyesi alikuwa amebatizwa mwaka uliotangulia, yeye na binti yao Hana. Ndahani mwenyewe alikuwa bado katika mambo ya wazee wake. Askari alimruhusu mwanamke asimame nje ya uzio wa miiba.

"Baba Hana, tumeloweka uwele," alisema.

Ndahani alielewa. Kila mwaka, mawingu yakianza kujikusanya, nyumba yao ilipika ujimbi wa kaburi la baba yake. Mtoto mkubwa wa kiume ndiye mdomo wa kwanza. Yeye hunywa, hutema kidogo juu ya kaburi, halafu ndugu wote hunywa, na kesho yake mbegu zinatolewa ghalani. Kabla ya hapo hakuna anayegusa jembe. Na huyo mdomo wa kwanza ndiye anayesikilizwa katika nyumba: ng'ombe wakigawanywa, binti akiposwa, neno lake ndilo la mwisho.

"Itaiva lini?"

"Siku ya nne kutoka leo. Ya tano bado inanyweka. Ya sita ni siki, wewe unajua kuliko mimi." Akatazama chini. "Wazee wanauliza kama utakuja. Hawaulizi kwa ubaya."

"Waambie nitakuja."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Bwana Shauri, akavua kofia, akaomba siku moja. Bwana Shauri alikuwa na barua mkononi. Daktari yule wa kwanza alikuwa anarudi kutoka Tabora na wenzake watatu, ambao hawakuamini habari za Mgogo anayejua divai. Wangefika siku ya nne.

"Baada ya mvua," alisema Bwana Shauri. "Wakati huo wewe tapata ruhusa. Kaburi haliondoki."

Ndahani alirudi jikoni na kukaa juu ya gogo. Alisema, "Nitakosea."

Abbasi aliacha kisu. "Nini?"

"Ulimi ukifa, wana haja gani nami? Watanifukuza. Nitafika Mkonze jua likiwa bado liko juu."

"Watakupa hamsa ishirini kwanza. Nimeona watu wakipigwa hizo ishirini na tano. Hawaendi Mkonze, wanabebwa."

"Nibebwe basi. Mdomo haupigwi kiboko."

"Sikiliza, ndugu yangu. Kama ni lazima, kosea kidogo. Moja, mbili. Sema una homa."

Ndahani alitikisa kichwa. Akikosea kidogo wangesubiri apone. Alitaka wachoke naye siku hiyo moja.

Siku ya nne wageni walifika, wakala, wakafuta midomo. Ndahani akafungwa kitambaa. Chupa sita zilikuwa mezani.

Bilauri ya kwanza ilikuwa Jiwe, hata mtoto angejua. Ndahani akasema, "Utomvu." Akasikia kurasa za daftari zikigeuzwa. Ya pili ilikuwa Utomvu. Akasema ni Asali. Asali akaiita Jiwe. Zilipokuja nyekundu, Ngozi akaiita Udongo, Kichaka akakiita Ngozi. Ilipofika Udongo wa Kapi, ile aliyoipenda, akasema, "Kichaka."

Wageni watatu walicheka sana, na safari hii walimcheka Bwana Shauri. Ndahani alisikia kiti kikisukumwa nyuma. Akakaza mgongo.

"Keti," ilisema sauti ya daktari. Alikuja, akamfungua kitambaa mwenyewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa anamtazama kama mtu aliyeona kitu kizuri dukani. Akasema kwa Kijerumani, kisha kwa Kiswahili, ili na Ndahani asikie.

"Mtu asiyejua angebahatisha. Kati ya sita angepata japo moja. Huyu hakupata hata moja. Na nyeupe zote ameziita kwa majina ya nyeupe, nyekundu kwa majina ya nyekundu, akiwa amefungwa macho. Ili mtu akosee zote vizuri hivi, lazima azijue zote."

Abbasi, mlangoni na sinia, alifumba macho.

Hapakuwa na kiboko. Kingekuwa afadhali, maana kiboko kina mwisho. Bwana Shauri alirudishiwa heshima yake mbele ya wageni, akawa na furaha kuliko siku zote. Lakini alikuwa ameelewa pia kwamba mtu huyu anataka kuondoka. Alitoa amri ghala liwekwe kufuli nje. Siku ya nne ikaisha humo ndani. Ya tano Ndahani aliita hadi sauti ikakauka. Ya sita hakuita tena. Abbasi alimpitishia chakula dirishani, wote wawili wakiwa hawana la kutaniana.

Siku ya nane walimfungulia achote maji. Anyesi alikuwa amesimama nje ya uzio, miguu imejaa udongo mbichi wa shambani. Ndahani aliiona miguu ile kabla ya uso wake, akajua kwamba watu wamekwisha kushika majembe.

"Nani?" aliuliza.

"Mdogo wako." Sauti yake ilikuwa chini. "Walikungoja siku ya nne nzima. Ya tano wakangoja mpaka jua likakaribia kuzama. Mama yako alikataa, alilia. Wazee wakasema mvua haimngoji mtu aliyeko kwa Wazungu. Wakampa yeye kibuyu."

"Na mwakani?"

Wote wawili walijua. Mdomo ukishahamishwa, haurudi. Angeweza kuachiwa kesho, akarudi Mkonze, akalala kwenye tembe lake mwenyewe, na bado angekaa nyuma ya mdogo wake hadi afe.

Askari langoni alikohoa. Kutoka barazani Bwana Shauri alikuwa anamwita. Kulikuwa na kasha jipya.

"Mama Hana. Ulikuwaje?"

"Nini?"

"Ujimbi."

Alifikiri, mkono umeshika mwiba wa uzio. "Ulikuwa mzuri."

"Mzuri vipi? Ulichacha? Ulinuka moshi? Uwele ulikuwa wa mwaka huu au wa zamani?"

"Sijui kusema kama wewe, Baba Hana," alisema Anyesi. "Ulikuwa ujimbi. Watu walikunywa."