Nusu ya Njia kwenda Ncha ya Kaskazini

Siku Mama alipofika kwangu ughaibuni, Burnsville, hakukaa chini. Alinikumbatia, akaacha begi mlangoni, akauliza kaskazini ni upande gani. Nikanyoosha mkono kuelekea dirisha la jikoni. Ilikuwa karibu adhuhuri. Akasogea, akatazama kivuli cha nguzo ya taa kwenye maegesho, akatikisa kichwa.

"Hiyo ni kaskazini-magharibi. Na wewe ndiye unayelipwa kuchora ramani?"

Alikuwa amefundisha jiografia katika shule ya upili karibu na Nanyuki mpaka alipostaafu. Baba alipofariki, mimi na kaka yangu aliyeko Nairobi tuliona hafai kubaki peke yake kwenye ile nyumba kubwa, nami nikamfanyia makaratasi ya kuja kuishi kwangu. Alikubali upesi mno. Mama hakuwa mtu wa kukubali jambo bila kulibishia kwanza, kwa hiyo tangu hapo nilikuwa na wasiwasi.

Kwangu hakutulia. Nikirudi jioni nilikuta viti vimehamishwa, vikombe vimepangwa upya. Alijaribu kutembea nje, lakini mtaa wetu ni wa magari. Njia ya miguu inakufuata kidogo halafu inakatika, unabaki kwenye ukingo wa barabara na theluji chafu, watu wakikutazama kutoka ndani ya magari kana kwamba lako limeharibika. Alirudi na viatu vilivyolowa. Akaanza kutembea ndani, kutoka sebuleni hadi chumbani na kurudi, akinipigia simu kazini kuuliza mambo yasiyo na haraka.

Asubuhi moja nilimkuta amesimama na rula mbele ya ramani ya dunia niliyoitundika sebuleni. Alikuwa akipima kutoka ikweta hadi nyuzi arobaini na tano kaskazini, kisha kutoka hapo kwenda juu.

"Nyuzi arobaini na tano ni nusu ya tisini," akasema. "Sasa mbona nusu ya juu imeipita nusu ya chini, na hata ncha yenyewe haijafika?"

"Mama, unajua kwa nini."

"Niambie wewe."

Nikamwambia, nikiwa nimesimama na koti mwilini na funguo mkononi. Dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, kwa hiyo lazima kitu kiharibiwe. Aliyebuni ramani ya aina hii alitaka nahodha akipiga mstari ulionyooka aweze kuufuata kwa dira bila kugeuza pembe. Ili apate hilo, ilimbidi avute kila kitu kadiri anavyokaribia ncha, mpaka Grinlandi ikaonekana inatoshana na Afrika, na ncha yenyewe haiwezi kuchorwa hata ukiwa na ukuta mrefu namna gani.

"Vizuri," akasema, kama vile angenipa alama. Halafu, bila kugeuka: "Na huo mstari wa arobaini na tano unapita hapa kwenu. Nimeuona. Nataka kwenda kusimama juu yake."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Kila mwaka alikuwa akiwapeleka wanafunzi wake kwenye ikweta, wanasimama mguu mmoja huku na mmoja kule, huku akiwakataza kuwasikiliza wale vijana wa beseni wanaowaonyesha watalii eti maji yanazunguka kinyume kila upande wa mstari. Uongo mtupu ule, alikuwa akisema, beseni halijui liko wapi. Sasa alikuwa amefika mahali ambapo, kwa hesabu ya vitabu, ni nusu ya safari kutoka ule mstari wake hadi Ncha ya Kaskazini, na alikuwa hajafika popote ila kanisani na sokoni.

Lakini huo ulikuwa msimu wetu wa kazi. Ofisi yangu iko mji wa jirani, Saint Louis Park, na kila mwaka kuna kipindi kifupi, theluji ikishayeyuka na majani hayajachipuka, ambapo ndege hupita juu ya miji kupiga picha. Majani yakishatoka huwezi tena kuona ardhi. Picha zinapigwa zikipandana, ili kila paa lionekane kutoka pembe zaidi ya moja, na hapo ndipo kompyuta inapojua paa lina kimo gani. Kisha sisi tunakaa na kuchora kingo za barabara, mapaa, mitaro. Kila siku nilimwambia Mama kesho. Kila siku aliniuliza tena, mpaka nikaanza, nikirudi jioni, kukaa ndani ya gari chini ya jengo letu kabla ya kupanda juu.

Jumamosi moja tukaenda. Tulipanda na barabara ya 35 mpaka kaskazini ya katikati ya mji, Mama akiwa na ramani ya karatasi magotini, akiigeuzageuza. Simu yangu ilikuwa inatuelekeza, akaizima.

"Hii inakuweka wewe katikati ya dunia," akasema. "Ukigeuka, dunia yote inageuka. Mtu atajifunza nini?"

Tulipotea mara kadhaa kwa sababu ya barabara zilizofungwa kwa ukarabati. Hatimaye tukaingia kwenye maegesho matupu nyuma ya bohari moja. Nikawasha simu, nikafungua sehemu inayosoma latitudo, nikampa. Akaanza kutembea polepole kuelekea kaskazini, akisoma tarakimu kwa sauti. Alipofika karibu na mapipa ya taka akasimama.

"Hapa! Hapana. Imeruka." Akarudi nyuma. "Hapa. Imeruka tena! Mbona mimi nimesimama na yenyewe inatembea?"

Nikamweleza kwamba simu inasikiliza setilaiti zilizo mbali sana, na kila mara inakisia upya, inakosea kwa mita chache huku na kule.

"Kwa hiyo mstari uko wapi?"

"Mahali fulani kati ya mapipa na ule ukuta."

Mzee mmoja mwenye koti la kazi akatoka ndani ya bohari, akauliza kama tumepotea. Mama akamjibu kwa Kiingereza chake cha darasani kwamba hapana, tumefika. Akamweleza alipo. Yule mzee akatazama chini, akatazama mapipa, akasema amekuwa akifanya kazi pale miaka mingi na hakuna aliyewahi kumwambia. Akaomba naye asimame. Wakasimama wote wawili, kila mmoja na mguu huku na mguu kule, nikawapiga picha. Kwenye picha ile Mama anacheka. Tangu Baba afariki nilikuwa sijauona ule mwanya wa meno yake.

Afadhali ningeishia pale. Lakini tulipoingia kwenye gari nilimwambia, kwa kujisikia tu, kwamba hii si nusu halisi. Dunia imebonyea kidogo kwenye ncha na imevimba kiunoni, kwa hiyo ukipima kwa kilomita, nusu iko mbele zaidi kaskazini, kama kilomita kumi na sita.

Mama alikuwa amekwisha funga mkanda. Akanigeukia.

"Basi hatujafika. Twende."

"Mama, hakuna kitu huko."

"Hata hapa hakukuwa na kitu."

Tukaenda. Maduka yakapungua, nyumba zikaachana, wingu likashuka. Sikuwa na alama yoyote ya kutafuta, nilihesabu kilomita tu, na kila niliposema labda ni hapa, alisema songa kidogo. Mwishowe nikasimama kando ya shamba tupu lenye bwawa ambalo barafu yake ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Akashuka peke yake. Upepo ulikuwa mkali. Alisimama akitazama kaskazini, halafu akageuka akatazama kusini, kwa muda mrefu kuliko kaskazini, nami nikiwa nimeshika usukani kama mtu anayeendesha.

Aliporudi, macho yake yalikuwa yakitoa machozi, sijui kama ni kwa upepo.

"Nirudishe," akasema.

"Burnsville?"

"Burnsville kwanza. Halafu nyumbani."

Nilikasirika. Nilimwuliza anajua makaratasi yale yalichukua muda gani, na akianguka bafuni kule Nanyuki nani atajua. Nilisema mengi, nikiendesha kwa kasi mpaka akaniambia nipunguze. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ulinileta kwa mapenzi, najua," akasema. "Lakini hapa ninakungoja wewe tu kutwa. Kule kuna watu wanaonijua. Kwenye nyumba yako mimi nahamisha viti."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi huwa nahamisha viti, kwamba miaka yote hii sijawahi kununua kitu kizito nisichoweza kukibeba peke yangu. Badala yake nikawasha redio.

Aliondoka mwezi wa Mei. Alipofika Amsterdam kubadilisha ndege alinipigia simu, sauti juu, nyuma yake matangazo ya uwanja. Kijana aliyekaa kando yake alikuwa amemwuliza kwa nini ndege kwenye kile kiskrini cha mbele ya kiti inapinda kwenda kuipita Grinlandi badala ya kwenda moja kwa moja.

"Nikavua mkufu," akasema, "nikachukua chungwa lililokuja na chakula, nikauvuta juu yake. Nikamwambia angalia, huu ndio mnyoofu. Kilichopinda ni ramani yenu! Akafurahi, akamwita na mwenzake."

"Ulilala lakini?"

"Ningelala saa ngapi? Tulikuwa na darasa."

Wanaita abiria, akasema, akakata. Nikabaki na simu mkononi. Ilikuwa bado mapema kwenda kazini na nilikuwa nimekwisha vaa. Nilikaa, nikasimama, nikafungua dirisha la jikoni. Miti ya kando ya maegesho ilikuwa imejaa majani, kwa hiyo ndege za picha hazitapita tena mwaka huu. Nikachukua funguo, nikashuka, nikaanza kutembea kando ya barabara hadi pale njia ya miguu inapokatika, nikaendelea juu ya nyasi.