Mluzi wa Fundi Viatu

Mwaka mzima mzee yule alikuwa fundi viatu, mtu wa kawaida tu. Lakini msimu wa kuwinda ukiingia, hakuna aliyemfikia. Alijibanza kwenye matete kando ya bwawa, akapiga mluzi wa bata mwitu, nao bata wakakatiza safari yao na kushuka mbele ya bunduki za wenzake. Ndiyo maana wote walimwita Mluzi, hata mkewe.

Kisha meno yake mawili ya mbele yakang'oka. Msimu ule bata hawakushuka, na uliofuata vilevile.

"Mzee, siku hizi unapuliza chai," wawindaji walimtania, naye alicheka nao huku roho ikimuuma. Alitia meno ya bandia, akawa anajifungia bafuni kufanya mazoezi mpaka mkewe anagonga mlango. Aibu ilimla.

Madiwani walipoanza kubishania kupiga marufuku uwindaji wa ndege, kwa hofu kuwa ndege wanakwisha, kiongozi wa wawindaji alimfuata kwenye kibanda chake cha viatu.

"Kaka, tuokoe. Waambie ndege wapo tele, ila mluzi wako ndio umekwisha. Uongo?"

"Kweli tupu," alijibu Mluzi, maana ndivyo alivyoamini. Kujivunjia jina mbele za watu kulikuwa kuchungu, lakini alikubali jina lake liende, mradi msimu ubaki.

Siku ya kikao, ukumbi wa madiwani ulifurika. Alisema aliyotumwa, akataka kuketi. Diwani aliyeleta hoja ya marufuku, mama mmoja mpole, akamzuia.

"Hebu tupigie huo mluzi, mzee wangu, tusikie ulivyoharibika."

Mluzi akafumba macho, akapiga.

Wawindaji wote safu ya nyuma wakainua nyuso kutazama darini. Mkono wa mmoja wao ulishafika begani kutafuta bunduki. Walipojigundua, wakainamisha vichwa, na hakuna aliyecheka.

"Mluzi mzima huu," alisema yule mama taratibu. "Sasa ndege wako wapi?"

Marufuku ikapita jioni hiyohiyo.

Nyumbani, habari zilikuwa zimemtangulia. Mkewe alimpokea mlangoni kwa furaha.

"Kumbe tatizo halikuwa wewe, Mluzi! Umesikia? Halikuwa wewe!"

Mzee alikaa kitandani bila kuvua viatu. Alikuwa ameyangoja sana maneno hayo, na sasa machozi yalimtiririka.

"Heri lingekuwa mimi, mama," alisema. "Meno hutengenezwa."