Mama Tepu na Mwalimu Asiyefundisha

Fundi cherehani wa mtaani kwetu tulimwita Mama Tepu, maana tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata msibani. Mtu mwema, jamani, ila kushuku ndiyo ilikuwa pumzi yake. Kitambaa cha dukani alikipima upya mbele ya muuzaji.

Basi binti yake akaanza kuiomba simu kila jioni.

"Ya nini?"

"Mwalimu wa hesabu katutumia video, mama. Somo tunaliangalia nyumbani, mazoezi tunafanya darasani."

"Na yeye huko darasani anafanya nini? Anasinzia?"

"Anatuzungukia."

"Hata inzi huzunguka!"

Hapa pana namna, akawaza. Akaandika barua ya kumhamisha mtoto shule, akaitia mkobani. Lakini fundi hakati bila kupima: binti alipoingia kuoga, aliiangalia ile video mara tatu, akiuwinda uvivu wa mwalimu. Ilihusu duara. Gawa mzingo kwa tatu na kidogo, upate kipenyo. Kigawe kwa mbili, upate nusu kipenyo.

"Mh," akaguna. "Kumbe sketi ya duara tu."

Kesho yake akajibanza dirishani mwa darasa. Kelele kama sokoni! Ubao mtupu. Watoto wanazungushia vifuniko vya sufuria uzi, wanakata magazeti yavienee. Mwalimu kachuchumaa kando ya meza ya nyuma, kimya. Nimemkamata, akasema moyoni, mkono ukaingia mkobani.

Ndipo akamwona binti yake. Uzi, sentimita sitini na sita. Kipenyo, ishirini na moja. Sawa. Kisha mtoto akapima ishirini na moja kutoka katikati ya gazeti, akashika mkasi.

"We! Hujagawa kwa mbili! Sketi hiyo itamdondoka mtu!"

Binti akashtuka, gazeti likachanika katikati. Mwalimu akainuka.

"Karibu ndani, mama. Umejuaje?"

"Kwenye video yako. Nilikuwa natafuta kosa lako."

"Ukalipata?"

Mama Tepu akalitazama lile gazeti lililochanika. Kosa alilolipata lilikuwa la mwanawe, na lilionekana kwa sababu mkasi ulishikwa mbele za watu. Yeye mwenyewe hakuwaruhusu wanafunzi wake wa cherehani kukatia nyumbani.

Akaitoa ile barua, akaipima upana kwa tepu. Ishirini na moja kamili. Akamkabidhi binti.

"Kata hapahapa, nikuone."

Duara likakaa juu ya kifuniko kama limezaliwa nacho. Mama Tepu akamgeukia mwalimu.

"Leo umepona. Lakini video ya kesho naiangalia tena."