Nilipoizima Programu Ikiwa Imefika Nusu

Shule niliiacha darasa la nne, nikabeba magunia sokoni Kamembe mpaka shingo ikawa ngumu kama gogo. Leo wenye diploma wananipigia simu kuuliza mambo ya kompyuta. Sijifichi. Kuandika programu nilijifundisha mwenyewe, na ushirika wa mpunga wa Bugarama ulinichagua mimi ukaiacha kampuni ya Kigali.

Siku hiyo mpunga ulikuwa unauzwa. Mnunuzi alitaka faili moja la maandishi lenye mstari wa kila gunia lililowahi kupimwa tangu ushirika uanze. Bila faili hilo, dereva wake hapakii. Lakini ushirika nao una desturi yake: gunia halitoki mpaka mkulima mwenye gunia alione kwa macho yake, nje, kwenye jua. Kwa hiyo mpunga wa msimu mzima ulikuwa umepangwa uwanjani, ghala tupu, na juu ya milima ya Congo wingu jeusi limesimama. Lori lilikuwa papo hapo uwanjani, lakini ghala liko mbali; kuyarudisha magunia yote ndani kungetupeleka mpaka giza. Na mpunga ulioloa mnunuzi hachukui.

Nyumbani nilikuwa nimeijaribu programu ya kulitengeneza faili hilo kwa mistari michache, ikamaliza papo hapo. Hapa, ofisini kwa ushirika, kwa mistari yote, ilikuwa inatambaa.

"Papa," akasema presidenti wa ushirika, mama wa Nyakabuye aliyekulia Congo, akiwa nyuma ya kiti changu, "mashini yako iko nafanya kazi ao iko nasali?"

"Iko nafanya kazi, Maman."

"Basi uiambie mvula haiko nangoja amina yake."

Kioo cha kompyuta kikaonyesha kazi imefika nusu. Yeye akashusha pumzi. Mimi ndipo nikaanza kutoka jasho. Nilikuwa nimeshaona tatizo. Kwa kila mstari mpya, programu ilikuwa inayanakili upya maandishi yote yaliyotangulia, ndipo inaongeza huo mmoja. Ni kama mbebaji anayetaka kuongeza gunia moja kwenye lundo, akahamisha kwanza lundo lote. Nusu ya kwanza ilikuwa imekula mchana. Ya pili, lundo likiwa kubwa namna hiyo, ingekula mara tatu yake.

Pembeni nikajaribu njia tatu kwa sehemu ndogo ya mistari, kisha kwa mara mbili ya hiyo. Ile yangu ya kuunganisha mmoja mmoja: mistari mara mbili, muda mara nne. Ya pili, kutia mistari yote kwenye orodha moja, kama kikapuni, na kuishona pamoja mwishoni: mistari mara mbili, muda mara mbili tu. Ya tatu, kumwaga kila mstari moja kwa moja kwenye diski: nayo hivyo hivyo, ila diski yangu ni nzee, ikabaki nyuma kidogo ya kikapu.

"Naisimamisha," nikasema.

"Unasimamisha nini? Imefika nusu!" Akanishika mkono. "Papa, batoto ba bantu banakula huu mupunga. Acha imalize!"

"Nusu hii inatudanganya, Maman."

"Mzee!" dereva akapaza sauti nje. "Tone la kwanza limenigonga pua. Mimi narudi na lori tupu!"

Nikazima.

Kioo kikawa cheupe. Maman akaweka mikono kichwani. Nikabadilisha mistari ya programu itumie kikapu, huku nikimweleza Maman njia hiyo. Nilikosea alama moja, mashine ikakataa. Nikarekebisha. Nikabonyeza.

Faili likatoka kabla Maman hajashusha mikono.

Tukalituma. Mtandao ukasuasua, sote tunaitazama simu ya dereva, na simu ikalia; dereva akamsikiliza mnunuzi, akapaza sauti. "Pakieni!" Hapo hakukuwa na presidenti wala fundi wa kompyuta; kila mmoja alibeba, na mimi niliwaonyesha vijana gunia linavyokaa begani. Mvua ilishuka turubai likifungwa. Magunia ya mstari wa mwisho yaliloa, yakabaki.

Maman akasimama mbele yangu, kitenge kinachuruzika maji. "Hii njia ya kikapu ulikuwa unaijua, na ukatuletea ile ingine?"

"Maman, mtu mwingine angengoja mpaka mpunga wote uote."

Wanachama wakacheka. Yeye hakucheka. "Haya yaliyoloa, weye mwenyewe njo utayaanika."

Nikayaanika mwenyewe, na katika Bugarama yote hakuna anayeanika mpunga vizuri kama mimi.