Nilivyonyoosha Mkono Ili Nipumzishwe

Siku ile bwege nilikuwa mimi, msitafute mwingine.

Kiwanda chetu cha sabuni kilikuwa kimenunuliwa na kampuni kubwa. Wenyewe waliita muungano. Sisi tuliona tu geti limepakwa rangi mpya, na bosi wetu wa zamani anaondoka kakumbatia ua lake la chungu.

Mimi na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, tulikuwa mashine moja ya kufunga miche ya sabuni. Yeye analisha, mimi napokea. Kazi ile nilimwombea mimi, kwa kubembeleza mpaka nikakauka mate.

Meneja mpya akatukusanya stoo. Sauti laini, utadhani anabembeleza kichanga.

"Tunapanga upya majukumu. Kila mashine itabaki na mtu mmoja. Mwenzake tutampumzisha. Mkijitokeza wenyewe itapendeza zaidi."

Jamani, likizo nilikuwa nimeisahau hata harufu! Mkono juu!

"Bosi, anza na mimi! Mgongo umeshakuwa upinde!"

Stoo nzima ikanigeukia. Nikajua wananionea gere.

"Shemeji, utanikoma," nikamnong'oneza. "Wewe sukumana na mashine, mimi nalala mpaka niote mizizi."

Akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

Mkutano ulipoisha nikamfuata meneja, meno yote nje.

"Sasa bosi, narudi lini?"

"Kurudi wapi?"

Getini mlinzi, mtani wangu wa kila asubuhi, akaniomba kitambulisho.

"Leo umenisahau sura?"

Hakucheka. Akakipokea huku anatazama pembeni, macho yamemlowa.

Ndugu zangu, mkubwa akizungumza nawe kwa upole, muulize kila neno lina maana gani. Usione aibu. Aibu ninayo mimi.

Jioni shemeji akaja nyumbani. Mke wangu akakaa katikati yetu, hajui amlilie nani.

"Ulijua maana ya kupumzishwa?" nikamuuliza.

"Nilijua."

"Ukaniacha nijichimbie kaburi huku nachekelea? Mimi niliyekuingiza pale? Na huyu dada yako atakula nini, vichekesho vyangu?"

Akanitazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu stoo.

"Mashine ni moja, shemeji. Ungejua, ungenyoosha mkono?"